Ni Nani Alipaye Gharama ya Mchezo?



Mwaka mmoja, katika mkutano wa wazazi wa shule ya msingi ya kijiji chetu, alisimama mzee mmoja mwenye heshima, ambaye ana wajukuu watatu shuleni, akatuuliza sisi walimu swali. Alisema, "Walimu, watoto wetu waketi chini kwa kukosa madawati, na choo cha wasichana hakina mlango. Nanyi mwataka tutoe fedha ili watoto wavae ndevu za bandia?" Watu wakacheka, lakini mzee mwenyewe hakucheka. Sisi tulikuwa tumeshika karatasi ya makisio ya mchezo wa kufunga shule, jumla shilingi 60,000, nayo ikawa nzito mkononi.

Tangu siku ile tumelifikiri swali hili mara nyingi. Twataka kuliweka mbele yenu, maana twajua kwamba walimu wengi, na wazee wa kanisa wasimamiao shule za Jumapili, wamekwisha kuulizwa vivyo hivyo. Je, yafaa shule maskini itumie mali kwa mchezo wa kuigiza? Na kama yafaa, ni mali ya nani?

Wako walimu wanaojibu upesi. Husema kwamba mchezo humfundisha mtoto kusema mbele za watu, na kukumbuka maneno mengi, na kusikilizana na wenzake. Haya ni kweli, nasi tumeyaona kwa macho. Tumemwona msichana ambaye darasani hakuwahi kuinua mkono, akasimama kama Farao mbele ya kijiji kizima na kuamuru ghala zifunguliwe, wala sauti yake haikutetemeka. Lakini jibu hili halimtoshi yule mzee. Yeye aweza kusema kwamba mlango wa choo nao una faida, tena faida yake ni ya kila siku. Tukianza kupima faida kwa faida, mlango utashinda, na ni haki ushinde.

Wengine hukimbilia habari za Bethania. Mwaikumbuka katika Injili ya Yohana, mlango wa 12: Mariamu aliipaka miguu ya Bwana marhamu ya thamani kubwa, na Yuda Iskariote akauliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Kwa kuwa aliyeuliza ni Yuda, naye alikuwa mwivi, watu hudhani kwamba swali lenyewe ni ovu, na kwamba kila aulizaye gharama ya jambo jema ni ndugu yake Yuda. Sivyo. Mathayo asema wanafunzi ndio waliokasirika, na Marko asema walikuwa baadhi ya watu waliokuwapo. Basi ni swali ambalo hata mtu mwema huuliza, na mzee wetu hakuwa Yuda. Lakini liko jambo moja katika habari ile ambalo sisi wenyewe tulilisoma miaka mingi pasipo kulitazama. Marhamu ilikuwa ya Mariamu. Hakupita nyumba kwa nyumba huko Bethania akichangisha majirani. Hakumwambia mjane fulani, "Leta yako kidogo, la sivyo hutaingia." Alimwaga kilicho chake, na kwa hiyo aliweza kukimwaga chote.

Siku ya mkutano hatukuwa na maneno haya. Tulimjibu mzee kwamba amesema kweli, na kwamba fedha ya shule haitatumika hata senti moja kwa mchezo kabla mlango haujawekwa. Tena tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima imeondolewa katika shule za serikali, kuanzia shule za msingi mpaka kidato cha nne, kwa hiyo hatukuwa na ruhusa ya kumtoza mzazi ye yote. Basi tulitoka mkutanoni tukiwa na idhini ya kucheza, bila fedha. (Mlango uliwekwa baada ya wiki mbili. Fundi seremala mmoja, baba wa mwanafunzi, aliufanya kwa mbao za kreti, na yule mzee alitoa bawaba.)

Tulichagua hadithi ya Yusufu na ndugu zake. Kijiji chetu kina Wakristo na Waislamu, na habari za Yusufu zinajulikana na wote, kwa kuwa Kurani nayo ina sura nzima, ya 12, yenye jina lake. Hatukununua kitabu cha mchezo wala hatukunakili cha mtu, maana kitabu cha mchezo kina mwenyewe, na kukicheza pasipo idhini yake ni kumnyima haki yake. Watoto walisomewa hadithi, kisha wakaitunga wenyewe kwa maneno yao, nasi tukaandika. Ndugu wa Yusufu walivyogombana wakati wa kutunga, hapakuwa na haja ya kuwafundisha kuigiza wivu.

Sasa tuwaeleze jinsi mchezo unavyoweza kufanywa bila fedha, kwa kuwa jambo hili laweza kuwafaa wengine. Jukwaa letu lilikuwa baraza ya darasa la sita. Tulicheza saa kumi alasiri, jua likiwa upande wa magharibi likitumulika, kwa hiyo hatukuhitaji taa. Ndevu za Yakobo zilikuwa katani. Taji la Farao lilikuwa ukili uliotiwa binzari. Shimo alimotupwa Yusufu lilikuwa mikeka mitatu iliyosimamishwa kwa mviringo, na mtoto aliyekuwa ndani alitoa sauti kinywa chake kikiwa ndani ya chungu, hata bibi mmoja aliyeketi mbele akasema kwa nguvu, "Mtoeni mtoto wa watu!" Vile vipande 20 vya fedha ambavyo Yusufu aliuzwa kwavyo vilikuwa vizibo vya soda, na damu ya mbuzi ilikuwa maji ya rosela. Ngamia wa Waishmaeli alikuwa wavulana wawili chini ya blanketi, nao waligombana humo ndani, ngamia akaenda kila miguu upande wake. Gharama yote ya vitu tulivyonunua ilikuwa shilingi 4,500, za kamba, pini na binzari, nazo tulizitoa sisi walimu.

Wala hatukuwa wa kwanza kucheza hivi. Mtakatifu Fransisko wa Assisi, katika usiku wa Krismasi wa mwaka 1223, huko Greccio, Italia, alitaka watu waone kwa macho yao jinsi Mtoto Yesu alivyozaliwa katika uhitaji. Hakutafuta mahameri wala dhahabu. Aliomba hori lenye nyasi, na ng'ombe, na punda, basi. Umaskini wa vitu haukuwa kasoro ya lile tendo. Ndio uliokuwa maana yake. Kwa hiyo mwalimu asione haya kwa sababu ya mikeka na katani. Mtazamaji akipewa mkeka na neno zuri, shimo atalichimba mwenyewe moyoni mwake, tena refu kuliko ambavyo sisi tungeweza kulichimba kwa majembe.

Hayo ndiyo tuliyojisifu nayo mwaka ule, na sehemu kubwa ya sifa ile twaishika hata leo. Walakini iko habari nyingine ya mchezo ule ule, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Yusufu hawezi kuchezwa pasipo kanzu. Baba yake alimpenda kuliko wengine akamfanyia kanzu, na kanzu ile ndiyo iliyowasha wivu, ndiyo iliyochovywa katika damu, ndiyo aliyoitambua mzee Yakobo akalia. Vitu vingine vyote tuliweza kuviigiza kwa vitu vya nyumbani. Kwa kanzu, mioyo yetu ilitamani kitu cha kweli, chenye kung'aa, ambacho watu wa nyuma kabisa wangekiona. Yaonekana tamaa hii ni ya zamani: hata katika hesabu za michezo za London za wakati wa Shakespeare, vazi moja la mahameri lingeweza kugharimu fedha nyingi kuliko mwandishi aliyolipwa kwa mchezo mzima.

Tulikuwa tumemchagua mvulana mmoja wa darasa la tano awe Yusufu. Mama yake ni mjane, auza vitumbua asubuhi na kulima vibarua mchana. Mtoto huyu alikuwa na kipawa. Alipoanza kusimulia ndoto zake, watoto waliokuwa wakicheza mpira nje walikuja dirishani. Tulimwita mama yake, tukamwambia kwa adabu kwamba kila mtoto ataleta vazi lake kutoka nyumbani, na kwamba vazi la Yusufu lapasa kuwa zuri. Hatukuuita mchango. Hatukumlazimisha, kwa kuwa waraka wakataza. Tulisema tu, "Mama, ukiweza." Akajibu, "Haya, Mwalimu. Mnipe siku chache."

Siku ya tatu alikuja shuleni baba mmoja mwenye duka, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wale ndugu kumi. Alikuwa amekuja kwa jambo lingine. Katika mazungumzo akasema kwamba aenda mjini, na kama twataka, aweza kumshonea mwanawe kanzu ya satini yenye rangi nyingi, na kitambaa cha pazia pia akatupa. Hakutaja sehemu ya Yusufu. Wala hatumlaumu hata kidogo, maana alitoa kwa moyo mweupe. Sisi ndio tuliotazamana. Mtu hashonei kanzu ya rangi nyingi mwana ambaye atakuwa Zabuloni. Kesho yake tuliwaambia watoto kwamba tumefanya mabadiliko madogo.

Siku ya tano mama mjane akaja. Katika kikapu chake alikuwa na kanzu. Ilikuwa ya vipande vya kitenge cha zamani vilivyounganishwa na mfuko wa unga, na maandishi ya mfuko yalikuwa yamegeuzwa ndani yasionekane. Alikuwa ameishona kwa mkono usiku. Tulimweleza. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, Mwalimu," akaikunja, akairudisha kikapuni chini ya vyombo vya vitumbua, akaenda zake.

Mchezo ulipendeza. Satini iling'aa juani, na watu walipiga makofi ilipotolewa ikiwa na damu. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia jipya, tukimtazama mtoto mwenye kanzu akipendelewa na baba mbele ya ndugu zake. Ndipo tulipofahamu kwamba mchezo tulikuwa tumekwisha kuucheza wiki mbili kabla, tena sisi wenyewe tukiwa Yakobo.

Mwalimu mwenzetu mmoja, mtu mwenye akili na mcha Mungu, aliona twajitesa bure. Hoja zake si za kudharauliwa. Alisema, "Shule haina kitu. Mtu ametoa zawadi, wala hakuomba malipo. Kijiji kizima kimefurahi, watoto thelathini wamecheza, na mmoja tu amekosa sehemu moja. Tena mlimpa kazi nyingine. Dunia ndivyo ilivyo: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na ni afadhali mtoto ajifunze mapema." Tulibishana naye jioni nzima.

Katika hoja zake tunakubali hili, kwamba kupokea zawadi ya tajiri si kosa. Shule ikatae kitambaa kwa kuwa kimetoka dukani, hiyo ni kiburi. Lakini twasema kwamba zawadi na bei ni vitu viwili, ingawa hufanana usoni. Zawadi huwafikia wote, na baada ya kutolewa kila mtu hubaki mahali pake. Bei hununua mahali. Lile pazia lilikuwa zawadi. Kanzu ilikuwa bei, si kwa nia ya aliyeitoa, bali kwa mikono yetu tulioipokea. Mtume Yakobo katika waraka wake, mlango wa 2, asimulia juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu aingiaye katika kusanyiko pamoja na maskini, na jinsi mmoja aonyeshwavyo kiti na mwingine aambiwavyo aketi chini. Angalieni kwamba hamlaumu mwenye pete. Awalaumu wale wanaogawa viti.

Na ile hoja ya dunia ndivyo ilivyo, twaona kwamba ndiyo dhaifu kuliko zote, ijapokuwa ndiyo isemwayo kwa sauti kubwa. Mtoto wa mjane hahitaji shule imfundishe jambo hilo. Alilijua kabla hajajua kusoma. Alichokuwa hajakijua, nasi tulikuwa na nafasi ya kumwonyesha kwa juma tatu tu katika mwaka, ni kwamba pako mahali ambapo mtu hupewa kazi kwa sababu aiweza.

Basi sasa twaweza kumjibu yule mzee vema zaidi kuliko siku ya mkutano. Aliuliza kama mchezo una gharama. Kila mchezo una gharama, hata ule wa shilingi 4,500. Tulidhani kwamba tumeiondoa gharama kwa kutonunua kitu, kumbe tulikuwa tumeisukuma tu, ikashuka mlima mpaka kwa yule aliye chini kabisa, naye akailipa kwa usiku wake na uzi wake, kisha hakupata alicholipia. Ndiyo hatari ya kubana matumizi. Fedha ikiwapo, mwenye kulipa huonekana katika daftari. Fedha isipokuwapo, hakuna aandikwaye, na kila mtu hudhani hakuna aliyelipa.

Tulipoanza kutazama hivyo tuliona na gharama nyingine ambayo haikuwa ya nguo. Mazoezi yetu yalikuwa baada ya masomo, saa tisa hadi saa kumi na moja. Mtoto aliyekosa mara tatu tulimwondoa, tukiamini kwamba hiyo ni haki tupu, maana sheria ilikuwa moja kwa wote. Tulipoitazama orodha ya walioondolewa tukaona wengi wao ni wasichana wachotao maji mbali, na wavulana wachungao mbuzi za watu. Sheria ilikuwa moja, lakini saa mbili za mtoto wa mwenye duka na saa mbili za mchunga mbuzi si saa zilezile. Tangu hapo twafanya mazoezi katika vipindi vya michezo vya ratiba, siku mbili kwa juma. Mchezo umekuwa mfupi zaidi, nusu saa tu. Hakuna aliyelalamika ila wale wanaopenda hotuba ndefu.

Kuhusu mavazi, tulijifunza kidogo kutoka kwa watu wa kale wa mji wa York, Uingereza. Huko, kwa muda wa miaka mingi mpaka 1569, mafundi wa mji walicheza hadithi za Biblia juu ya magari barabarani, katika sikukuu ya Mwili wa Kristo. Kila chama cha mafundi kilikuwa na hadithi yake: waunda merikebu walicheza kuundwa kwa safina ya Nuhu, waoka mikate wakacheza Karamu ya Mwisho. Na kila fundi wa chama alitoa fedha kidogo kila mwaka kwa ajili ya mchezo, awe atacheza au hatacheza. Hilo ndilo lililotupendeza. Aliyetoa hakununua sehemu, maana alitoa hata mwaka asiocheza.

Sisi hatuwezi kutoza, na hatutaki. Lakini tumeweka sanduku la bati ofisini. Mwenye kitambaa, au shati kuukuu, au shilingi, hukitia mwanzoni mwa mwaka, kabla hadithi haijachaguliwa na kabla hajajulikana atakayecheza nini. Vilivyomo ni vya shule. Sehemu zikigawanywa, hakuna mtoto aendaye nyumbani kuomba vazi. Sanduku hufunguliwa, na kinachopatikana ndicho kivaliwacho. Kama hakuna kanzu ya mfalme, mfalme atavaa shuka. Mwaka jana Herode alivaa pazia la satini, mkia ukamshinda, akaanguka ngazini, watu wakafurahi kuliko kama tungekuwa tumepanga.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni maneno mengi kwa kanzu moja. Yawezekana. Pia twakiri kwamba sanduku letu halijatatua mambo yote, kwa kuwa mtoto anayelala na njaa hukariri polepole, na mpaka sasa hatujui kama tunapomwacha tunamwacha kwa sababu ya kipawa au kwa sababu ya uji. Tumewahi kuongeza uji siku za mazoezi, mahindi yalipokuwapo. Yasipokuwapo tumeendelea bila uji, tukijua tunalolifanya.

Yule mvulana tulimwita mwaka uliofuata, akiwa darasa la sita. Tulimwomba radhi, jambo ambalo si rahisi kwa mwalimu mbele ya mwanafunzi, naye aliinamisha kichwa kwa haya kuliko sisi. Tukamwambia kwamba achague sehemu yo yote aitakayo. Akasema, "Ahsante, Mwalimu. Mimi nitashika kamba ya pazia." Tukamsihi. Akarudia maneno yale yale, kwa adabu. Alishika kamba ya pazia mwaka ule na mwaka wa darasa la saba, na hakukosea hata mara moja wakati wa kulifungua na wa kulifunga. Waliokuwa wamesimama karibu naye wanasema kwamba midomo yake ilikuwa ikitembea muda wote, akisema maneno ya kila mchezaji.

Mama yake bado auza vitumbua karibu na lango la shule, nasi hununua kwake kila asubuhi. Kanzu hatujamwuliza.